Simu ya Watu Watatu

Nina shahada ya mawasiliano. Nalisema mapema ili msomaji akifika mahali ambapo ningepaswa kuelewa jambo na sikulielewa, ajue kwamba tatizo halikuwa kukosa shule.

Shirika letu ni dogo, linashughulika na maji na mifugo, lakini limetawanyika kama familia iliyogombana. Makao makuu yako Nyamisangura, Tarime mjini, juu ya duka la mbegu na dawa za ng'ombe. Tawi liko Mugumu, na hapo ndipo nilipo mimi, afisa habari, yaani mtu anayeandika taarifa ambazo wenzake huzisifu bila kuzisoma. Halafu kuna kituo karibu na geti la Ikoma, la kuingilia hifadhi ya wanyama: nyumba mbili, tangi la maji, na uzio ambao nyumbu hawajawahi kuuheshimu.

Kwa miaka mingi ofisi hizi zilizungumza kwa redio koli. Kwenye mapokezi ya Tarime alikaa mama mmoja mwenye subira ya ajabu. Ukiwa Ikoma ulimwambia yeye, naye akamwambia uliyemtaka, kisha akakurudishia jibu. Hukuzungumza na mtu, ulizungumza naye kuhusu mtu. Tulimcheka kwa jinsi alivyorudia kila neno, nusura arudie na kikohozi. Alipostaafu tulimkatia keki. Redio nayo ikafa muda si mrefu, bila keki.

Zikabaki simu zetu za mkononi. Tarime hazikuwa na shida. Mugumu, ukichagua dirisha zuri, hazikuwa na shida. Ikoma mtandao ulipatikana juu ya kichuguu kimoja nyuma ya tangi, na nyati nao walikipenda kichuguu hicho kwa kujikunia. Mtu aliyekuwa na habari za haraka ilibidi kwanza apime haraka yake na ile ya nyati.

Aliyeumizwa zaidi na hali hiyo ni mama wa kituo. Ndiye mwenye funguo zote za pale, za stoo, za ofisi, na kwa maoni yangu hata za geti la hifadhi, maana askari wa wanyamapori walimwamkia kwa hofu. Alizaliwa vijijini Tarime, akafika Ikoma kwa kazi na akabaki. Magoti yake yalikuwa mabovu, ulimi mzima. Kupanda kichuguu hakuweza. Binti yake wa mwisho aliolewa Tarime mjini, na mwaka huo alikuwa mjamzito. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeharibika, na habari hiyo ilimfikia mama siku nyingi baadaye, ikiletwa pamoja na mabomba na dereva wa lori ambaye hakujua uzito wa alichobeba. Safari hii hakutaka kusubiri lori.

Kila nilipofika Ikoma alinikuta bado nina mguu mmoja ndani ya gari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Simu zinakuja lini?"

"Zinakuja, mama."

"Na mvua inakuja. Nimekuuliza lini."

Kwetu salamu haiishi hivyo. Salamu inapita kwa watoto, inafika kwa ng'ombe, inauliza mvua, ndipo shida inaruhusiwa kuingia. Mama yule alijua adabu kuliko sisi wote, kwa hiyo alipoiruka salamu nilielewa jinsi jambo lilivyomkaa kooni. Alitaka siku binti yake atakapojifungua aambiwe siku hiyo hiyo. Hakuomba kingine.

Hatimaye simu zikaja, na zililetwa na fundi kutoka Mwanza, mzaliwa wa Morogoro, dada mfupi mwenye viatu vya kiume na majivuno ambayo baada ya siku chache nilikubali kwamba ni halali yake. Alianzia Tarime, akaimba akiwa juu ya mnara wa ofisi. Sisi tulikuwa chini, tumeshika kamba ambayo baadaye nilitambua haikuwa imefungwa popote, tulipewa tu ili tusimsumbue.

"Dada, unajua unachokifanya huko juu?" nilimwuliza siku ya kwanza.

"Mimi sibahatishi, mzee. Wewe shika kamba."

Nilikuwa sijazoea kuitwa mzee na mtu aliye juu yangu.

Alituelezea kazi yake kwa namna ambayo hata mkurugenzi aliacha kutikisa kichwa ovyo akaanza kusikiliza. Pale Tarime aliweka kisanduku kisichozidi ukubwa wa mkate, akasema huo ndio mtambo wa ofisi zote. Sauti yako inakatwakatwa vipande vidogo, kila kipande kinabandikwa anwani, kisha vyote vinasafiri kwenye intaneti na kuungwa upya sikioni mwa mwenzako. Na ili watu wengine wasichungulie vipande vyetu njiani, anachimba handaki ndani ya intaneti kutoka ofisi hadi ofisi. Ukiwa Ikoma unabonyeza tarakimu chache tu, na simu inalia Tarime kana kwamba ni chumba cha pili.

"Dada," akasema msimamizi wetu wa magari, "handaki lako umeliegemeza kwa magogo? Maana ninayoyajua mimi, yasipoegemezwa yanakula watu."

Huyu ni mzaliwa wa Nyakunguru, ambako ujanani aliingia mashimo ya dhahabu kabla hajaona kwamba magari ni salama zaidi.

"La kwangu linaegemezwa na nywila," fundi akamjibu.

"Nywila ikioza?"

"Nakutuma wewe uingie ukatazame."

Msimamizi wa magari alicheka hadi wateja wa dukani chini wakanyamaza. Sauti ya bwana huyu ilikuwa mali ya mtaa mzima. Akiagiza chai, Nyamisangura yote ilijua kama leo anataka tangawizi. Tangu mama wa mapokezi astaafu, yeye ndiye aliyekaa kwenye meza ile ya zamani ya redio, na fundi akamwekea simu ya kwanza hapo hapo, kwa kuwa ndiye aliyekuwepo muda wote. Tena alikuwa ni yeye aliyemwoa binti wa mama wa Ikoma. Nilijua. Ofisi nzima ilijua, tulikula kwenye harusi yao. Hata nilifurahi kuona jinsi mambo yalivyojipanga: mama upande mmoja, mkwewe upande wa pili, na waya katikati. Niliona hiyo ni habari nzuri ya kuandika kwenye jarida letu. Kichwa cha habari nilikuwa nacho tayari.

Mugumu fundi alimaliza upesi. Kisha tukaenda Ikoma, mimi nikiwa mwakilishi wa uongozi, maana yake mbeba ngazi.

Siku ile upepo ulikuwa mkali na vumbi lilitoka upande wa hifadhi kwa mawimbi. Fundi alipanda juu ya paa la ofisi kuelekeza dishi kwenye setilaiti ambayo hakuna kati yetu aliyeiona. Alilisogeza kwa upana wa kucha, akateremka kutazama kompyuta, akapanda tena, akalisogeza nusu ya kucha. Paa la bati lilikuwa la moto kiasi kwamba alitandika gunia ili apige magoti. Hakuimba. Nimewaona watu wakisali kwa umakini mdogo kuliko ule. Mama wa kituo naye alisimama kivulini akimtazama, funguo zimetulia mkononi, na kila fundi aliposhuka alimpa kikombe cha maji.

Kisha dada akapiga kelele kutoka paani: "Imeingia!"

Simu ya mezani ikawaka taa. Fundi akakaa chini na kompyuta yake mapajani, akasema atatazama vipande vya sauti vikipita, na mtumiaji mwenyewe apige. Mtumiaji mwenyewe ni mama.

"Nipige wapi?"

"Tarime, mama. Bonyeza hizi hapa. Atapokea mtu."

Mama akafuta mikono kwenye kitenge, akabonyeza. Tulisikia simu ikilia upande wa pili. Tukasikia imepokelewa. Halafu kimya.

"Unasikia, mama?"

"Hakuna mtu anayesema."

Fundi akakunja uso, akachezea kompyuta. "Rudia."

Akarudia. Ikalia, ikapokelewa. Kimya.

"Sasa?"

"Hakuna mtu anayesema," alisema mama, na alisema kweli.

Fundi akatueleza, kwa sauti ya daktari aliyeona ugonjwa anaoujua, kwamba hilo ni tatizo la kawaida kwenye simu za namna hii: simu inalia vizuri, lakini sauti inapotea njiani, wakati mwingine ya upande mmoja, wakati mwingine ya pande zote. Akaingia kwenye handaki lake, akafungua hiki, akafunga kile. Akapiga simu Mugumu, wakasikilizana vizuri. Akawaomba Mugumu wapige Tarime wamwulize msimamizi wa magari anasikia nini Ikoma wakipiga. Jibu likarudi: anasema hakuna aliyesema kitu. Naye alisema kweli.

"Mzee, hebu piga wewe," fundi akaniambia. "Nimebadilisha kitu."

Nikapiga Tarime. Ikapokelewa. Kimya, na mtu anapumua.

"Halo?" nikasema.

"AH! MZEE, SHIKAMOO! Ni wewe! Habari za Ikoma, mura?"

Nikausogeza mkonga wa simu mbali na sikio. Bwana yule alisikika Ikoma kwa nguvu zake zote za Tarime, na sina hakika kama ni kwa waya au kwa upepo. Fundi akaruka, akapiga makofi. "Nilisema! Sibahatishi! Mama, njoo."

Mama akachukua simu, akapiga. Ikapokelewa. Kimya.

Fundi alikaa chini kabisa, sakafuni. "Simu hii," akasema polepole, "inachagua watu?"

Mimi nilianza kueleza kwamba huenda ni setilaiti. Sijui chochote kuhusu setilaiti. Nikageuka kumtazama mama ili nimfariji, ndipo nikamwona. Alikuwa bado ameshika simu, lakini amegeuka, uso wake unatazama ukuta, na mkono wa pili umevuta kitenge kutoka begani hadi kufunika kichwa na shavu.

Nilikijua kitendo kile. Mama mkwe wangu hukifanya hivyo hivyo tukikutana ghafla njiani, na mimi naingia majanini, mwanamume mzima mwenye mvi, nasimama kwenye miiba nikitazama mlima hadi apite. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani. Na hawasemezani ana kwa ana. Kukiwa na neno, yupo mtu wa katikati, mke, mtoto au jirani, na neno linapita kwake. Simu ile ilikuwa inaonyesha Tarime kwamba anayepiga ni Ikoma. Msimamizi wa magari aliona jina hilo, akajua funguo za ofisi ziko kwa nani, akanyamaza kwa heshima. Mama alisikia pumzi, akajua ni ya nani, naye akanyamaza kwa heshima. Handaki lilikuwa zima. Heshima mbili zilikuwa zimekutana ndani yake, kila moja ikaipisha nyingine.

Na mimi, mwana wa hapa, mwenye shahada niliyokwishaitaja, ndiye niliyeona habari nzuri ya jarida.

"Mama," nikasema, "kwa nini hukutuambia ni mkwe?"

"Mliniuliza kama nasikia. Hapakuwa na mtu anayesema."

"Lakini dada huyu amehangaika..."

"Nimempa maji." Akaiweka simu mahali pake kwa upole. "Mimi ninyanyue sauti kwa mume wa mwanangu, mbele ya wageni, tena sikio kwa sikio? Hata mkinipa simu ya dhahabu." Kisha sauti ikamshuka. "Zamani yule mama wa redio alikuwa anapokea. Nilidhani mmeweka mtu. Basi hii haitanisaidia. Nitamsubiri yule wa mabomba."

Nilimfasiria fundi jambo lote. Nilitarajia acheke, na ningemsamehe, mtu wa Morogoro. Hakucheka. Aliniuliza maswali kama alivyouliza kuhusu umeme na paa: Wakiwa na mtu wa katikati, wanaruhusiwa kusikiana? Ndiyo, wanasikiana, hata wakiwa wamekaa vyumba viwili na mlango wazi. Lazima mtu huyo arudie maneno? Wakati mwingine anarudia, wakati mwingine anaitikia tu. Lazima awepo? Hapo nilijibu kwa uhakika: lazima awepo.

"Sasa mama anakata tamaa ya nini?" akasema, akainuka, akijipangusa vumbi. "Simu hii inabeba watu watatu bila kutoka jasho. Mama, unamtaka nani katikati?"

Mama alinipima kutoka viatu hadi mvi, kama anayechagua jembe kwenye duka lenye jembe moja.

"Huyu si hafanyi kazi yoyote? Awe huyu."

Hivyo nikapandishwa cheo. Tuliporudi Mugumu fundi alinifundisha: mmoja akipiga, bonyeza kitufe hiki, mpigie wa pili, akipokea bonyeza hiki cha watu watatu, tayari. Nilikosea. Niliwakata wote. Nikarudia, nikamwunganisha msimamizi wa magari na mimi mwenyewe, jambo ambalo fundi alisema hajawahi kuliona likifanyika na hakujua kama linawezekana. Alinifundisha hadi vidole vikajua peke yao. Alipoondoka kwenda Mwanza alisema maneno ambayo nayaweka pamoja na vyeti vyangu: "Mzee, ukiiweka simu chini, wote wanakatika. Kila kitu kinaning'inia kwako. Usiguse kitu kingine."

Siku zikapita. Nilikaa karibu na simu ile kuliko nilivyowahi kukaa karibu na kazi yangu.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa ofisini Mugumu peke yangu, simu ikalia. Tarime. Nilisogeza sikio mbali kwa mazoea, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, sikuitambua.

"Mzee. Niko mezani. Nimetoka hospitali sasa hivi."

"Ehe."

"Tafadhali, nitafutie mama."

Vidole vikafanya kazi yao. Ikoma ikalia, ikalia sana, nikawaza magoti yale yakitoka jikoni hadi ofisini. Ikapokelewa.

"Mama, shikamoo. Ni mimi wa Mugumu."

"Marahaba." Nikasikia funguo. "Sema."

Nikabonyeza kitufe cha mwisho. "Mama, niko hapa katikati. Tarime wapo."

Kimya. Kile kile, cha pumzi mbili. Kisha msimamizi wa magari akasema, kwa sauti ya mtu aliyesimama nje ya mlango:

"Mzee, mwambie mama ni mtoto wa kike. Na mwambie mama yake ni mzima."

"Mama," nikasema, "anasema ni mtoto wa..."

"Nimesikia." Nikasikia funguo zikiwekwa mezani. "Mwambie nimesikia. Muulize, amekunywa uji?"

"Anauliza..."

"Mwambie amekunywa, amemaliza, ameomba mwingine."

"Mwambie wa ulezi. Wasimpe ule wa pakiti."

"Mwambie ni wa ulezi. Dada yangu ameupika."

"Muulize mtoto analia?"

"Mwambie, mzee, analia kama mimi."

Hapo mama akacheka, cheko fupi lililofunikwa upesi, na nina hakika lilifunikwa kwa kitenge. Nilifungua mdomo kurudia, nikaona hakuna wa kumrudishia. Walikuwa wanasikiana vizuri kabisa, kila tone, kila pumzi ikipanda kwenye setilaiti ya yule dada na kushuka tena. Lakini kila sentensi ilipita kwangu kwanza, mwambie, muulize, mwambie, kama watu wapitao kwenye ua wa jirani wakibisha hodi kila mara ingawa geti liko wazi. Waliongea kuhusu jina, na mama akasema aniambie nimwambie kwamba jina la bibi mzaa baba ndilo litangulie. Akasema niulize mvua Tarime. Akasema niulize ng'ombe. Salamu yote aliyokuwa ameiruka miezi ile aliirudisha sasa, kipande kwa kipande, bila kusahau hata ndama.

Mimi sikusema neno. Nilishika mkonga wa simu sawasawa, kiwiko kikiwa mezani, sikugusa kitu kingine. Bega likaanza kuuma. Mtu wa chai aligonga mlango, nikamfanyia ishara ya macho aende. Nimeandika taarifa nyingi katika maisha yangu, nimehutubia warsha. Sidhani kama nimewahi kuwa na manufaa kwa watu wawili kama nilivyokuwa nimenyamaza pale.

Katikati ya habari za ndama, mama akasita.

"Wewe wa Mugumu," akasema. "Bado upo?"

"Nipo, mama."

"Kaa hapo hapo. Hatujamaliza."